Kima wa Mkuyu na Tumbili wa Shamba: Swali la Ukorofi katika Ngano za Wanyama

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapofika mwaka wa tatu huwa amekwisha kukariri orodha ya wanyama na sifa zao. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, simba ni dhalimu, kobe ni mwenye subira. Tumbili, pamoja na jamaa zake kima, ngedere na nyani, hupachikwa karibu na sungura katika fungu la wahusika ayari, yaani wale wadogo wa mwili wanaowapiku wakubwa kwa akili. Tangu Paul Radin alipochapisha kitabu chake juu ya ayari mwaka 1956, fungu hilo limepata hadhi ya nadharia, nasi walimu tumelifundisha kwa raha kwa sababu linaeleweka upesi na linajibu maswali ya mitihani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kumweka tumbili humo bila kuuliza anakula chakula cha nani ni kosa, na kwamba kosa hilo linaharibu usomaji wetu wa ngano zinazotoka katika sehemu za wakulima, mathalani kaunti za Migori na Homa Bay. Nalisema hili nikiwa miongoni mwa waliokosea. Darasa langu ndilo lililonisahihisha.

Kwanza, neno moja kuhusu majina. Kiswahili hakina jina moja la jumla linalowatosha wanyama hawa wote. Kima ni kima, mbega ni mbega, nyani ni nyani, na mipaka ya tumbili na ngedere hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Wasemaji wa Dholuo nao hutenga ong'er na bim, na mtambaji hawezi kumtaja mmoja akikusudia mwingine bila hadhira kumkatiza. Wanafunzi wengi huandika 'nyani' kila mahali, na hapo tayari wamekwisha kupoteza kitu. Nyani huja na kundi, ana meno, na watu wazima humwogopa. Tumbili ni mdogo, mwepesi na mchunguzi. Ukorofi wa kwanza ni wa nguvu. Wa pili ni wa kutazama.

Tuanze na ngano ambayo kila msomaji wa Kiswahili anaijua, ile ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia maji. Papa anakuja chini yake. Kima anamtupia matunda, na urafiki unaota. Siku moja papa anamwalika kima kwao, na wanapofika katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kabila lao huacha mioyo yao mitini wanaposafiri. Papa anamrudisha, kima anapanda juu, na ndipo anapomsimulia papa kisa cha punda wa dobi, aliyerudi mara ya pili mahali alipokaribia kuuawa.

Ngano hii imesafiri sana. Katika Panchatantra ya Kihindi adui ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, ni kobe wa majini. Katika matoleo hayo mawili anayesababisha moyo wa kima utafutwe ni mke wa rafiki. Watambaji wa Unguja walimwondoa mke wakamleta sultani. Badiliko hili halikupewa uzito unaostahili. Ugomvi wa nyumbani umegeuka kuwa amri ya dola: mtawala anaumwa, na raia wa mbali anatakiwa atoe moyo wake. Ndani ya hali hiyo uongo wa kima haupungukiwi na uadilifu hata kidogo. Ni uongo wa mtu aliyeitwa na serikali.

Lakini kuna jambo jingine, dogo na la wazi, ambalo sikuliona kwa miaka mingi. Matunda ya mkuyu hayana mwenyewe. Hakuna aliyeulimia mti ule, hakuna aliyeupalilia. Kima anakula kisicho cha mtu na kugawa kisicho cha mtu, na kwa hiyo tunaweza kumpenda bila gharama. Tena tukumbuke kwamba sungura naye yumo katika masimulizi haya, ndani ya kisa cha punda, na kazi yake humo ni kumshawishi punda aende akaliwe na simba mgonjwa. Yule shujaa wetu wa wanyonge ni tarishi wa mwenye nguvu. Ngano moja, basi, inawaweka kima na sungura pande mbili zinazokabiliana, nasi tumekuwa tukiwafundisha kama ndugu.

Mimi ni mtu wa pwani, na kima wangu alikuwa huyo wa mkuyu. Nilikwenda naye hivyo hivyo hadi Nyanza Kusini ya zamani, nilipofuatana na wanafunzi wa uzamili waliokuwa wakikusanya sigana, yaani ngano, katika vijiji vya upande wa Ndhiwa, si mbali na bonde la Lambwe. Wasomaji wanajua kwamba zamani watoto wa Kiluo walizisikia ngano hizi katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee walikolala na kufundwa. Siwindhe imekwisha kama asasi, lakini mwanamke mzee bado yupo, na jioni ile watu wote, wanafunzi wangu wakiwamo, walimwita dani, yaani bibi. Alisimulia kwa Dholuo, na mwanafunzi wangu mmoja, binti wa huko huko, akawa ananifasiria sikioni.

Ngano yenyewe ilikuwa fupi. Msichana anaachwa alinde shamba la mahindi na karanga. Tumbili anakaa juu ya mti siku tatu akimtazama tu. Siku ya kwanza anajifunza mwendo wake, siku ya pili anajifunza arushavyo mawe, siku ya tatu anajifunza ukelele anaoupiga kumwita mama yake panapotokea hatari. Siku ya nne tumbili anapiga ukelele ule ule kutoka ng'ambo ya kijito. Mama anakimbilia huko, na msichana, akiona mama yake anakimbia, anamfuata kwa hofu. Kundi zima linateremka. Wanaporudi wanakuta magunzi na maganda ya karanga. Mama anakata fimbo. Tumbili, juu ya mti, anajikuna.

Sidai kwamba ngano hii ni ya Waluo wote, wala kwamba hakuna matoleo ambamo tumbili anaadhibiwa. Nasema tu ndivyo ilivyotambwa usiku ule. Nami, nilipoirudia darasani wiki chache baadaye, niliisoma kwa ufundi wangu wote. Nilisema tumbili ni mnyonge aliyenyimwa ardhi, shamba ni msitu wake uliofyekwa, na kuigiza sauti ya mlinzi ni silaha ya asiye na silaha. Nilimkumbuka Sun Wukong, yule kima wa riwaya ya Kichina ya karne ya 16, anayewasumbua wakuu wa mbinguni na kula mapichi yao ya uzima. Nilimtaja Hanumani aliyeuchoma mji wa Lanka kwa mkia wake. Darasa likaandika.

Ndipo yule binti aliyenifasiria akainua mkono. "Mwalimu, samahani," alisema, "wewe umewahi kuamia?" Nikakiri kwamba sikuwahi. "Basi huyo tumbili amemshinda nani? Hakumshinda mwenye shamba. Amemshinda mtoto."

Nilijitetea kidogo, kama ilivyo desturi ya walimu, lakini hoja ilikuwa imekwisha kutua. Sungura humdanganya simba, tembo, fisi. Mwathiriwa wake ni mkubwa kuliko yeye, na kicheko chetu ni cha haki kwa sababu hiyo. Tumbili wa dani anamchagua mlinzi aliye dhaifu kuliko walinzi wote, na anamchagua kwa sababu ya udhaifu huo. Wakulima hawakuihitaji fasihi iwafundishe hilo. Anayekaa juu ya dungu toka alfajiri msimu wa mavuno ni mtoto au mwanamke, na tumbili na nyani hutambua tofauti. Mwaka 2007 iliripotiwa kutoka Nachu, upande wa Kikuyu, kwamba tumbili waliovamia mashamba waliwakimbia wanaume lakini hawakuwajali wanawake, hata baadhi ya wanawake wakavaa nguo za waume zao ili kuwahadaa. Hila hiyo haikufaulu. Yafaa mhakiki aitafakari picha hiyo kabla ya kuandika tena neno 'ayari', maana hapo binadamu ndiye aliyejaribu uigizaji, na tumbili ndiye aliyekuwa hadhira makini.

Kuna pingamizi moja ambalo sitalipita haraka. Mtu anaweza kusema, na wapo wahakiki wa mkabala wa kimazingira wanaosema, kwamba tumbili anaiba kwa kuwa aliibiwa. Bonde la Lambwe lenyewe ni ushahidi. Kwa muda mrefu mbung'o waliwazuia watu wasilikalie. Mwaka 1966 sehemu yake ikafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, eneo la kilomita za mraba zipatazo 120 lililozungukwa na mashamba. Nje ya eneo hilo vichaka vimepungua, mahindi na miwa vimeongezeka, na mnyama anayekula kila kitu amejikuta mlangoni mwa watu. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, uhakiki wa ngano unapaswa kuanzia katika ngano. Mtambaji hakumpa tumbili njaa, hakumpa watoto wanaolia, hakumpa kumbukumbu ya msitu. Alimpa siku tatu za kutazama. Tukimpa tumbili malalamiko ambayo mtambaji alimnyima, tutakuwa tumetunga ngano nyingine, pengine nzuri, lakini yetu.

Naona ufunguo wa jambo hili uko katika thamani ya jasho. Hapa Grace Ogot anatusaidia, ingawa hakuandika juu ya tumbili. Yeye ni mzaliwa wa Asembo, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka Homa Bay, na katika *Miaha*, aliyoiandika kwa Dholuo na kuichapisha mwaka 1983, aliisimulia upya asili ya kilimo cha jasho. Hapo kale jembe la ajabu lilijilimia lenyewe. Bi arusi Nyawir akavunja mwiko kwa kulima kwa mkono, na tangu hapo chakula hutoka mgongoni mwa binadamu. Katika fikra ya namna hiyo shamba haliwezi kuwa mali tu. Ni deni linalolipwa kila msimu. Anayeingia humo bila kulipa hafanyi utukutu wa kuchekesha; anajichukulia baraka ambayo binadamu mwenyewe amenyang'anywa. Tumbili anaishi bado katika wakati wa kabla ya Nyawir, akila bila kulima, na nahisi kuna wivu kidogo katika hasira tunayomwonea.

Neno 'wivu' linanileta kwa Shaaban Robert. Katika *Adili na Nduguze*, iliyotoka mwaka 1952, mjumbe Ikibali anamwona Adili usiku akiwacharaza manyani wawili mjeledi, naye huku akiteseka kwa kuwapiga. Baadaye mfalme Rai anaambiwa siri: manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya maovu waliyomtendea ndugu yao. Kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, kile cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra. Lakini humo ndugu wanageuzwa mbwa. Kwa nini mwandishi wetu akaleta manyani?

Jibu la kawaida ni kwamba alikuwa akiyafanya masimulizi yawe ya Kiafrika. Hilo halinitoshelezi, kwani mbwa wapo kila mahali Afrika. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba msomaji Mwislamu wa pwani anajua kisa cha Kurani cha watu wa mji wa kando ya bahari waliovua samaki siku waliyokatazwa, wakageuzwa manyani. Kosa lao lilikuwa la chakula, na sura waliyopewa ni ya mnyama anayechukua asichoruhusiwa. (Nilipoligusia hili katika mazungumzo na wenyeji karibu na ziwa, mvuvi mmoja alicheka akasema basi ufuo mzima ungekuwa na mikia.) Ya pili ni kwamba mbwa anapopigwa tunamwona mbwa. Nyani anapopigwa tunaona mikono inayokinga uso. Shaaban Robert alihitaji adhabu ambayo mtoaji wake angeona sura ya ndugu yake kila anapoinua mjeledi, na hakuna mnyama mwingine ambaye angemfaa.

Kwa hiyo ndani ya riwaya hiyo manyani hawana ukorofi wowote. Ukorofi ulitendwa wakiwa watu, na unyani ni hukumu. Mtambaji wa Ndhiwa amekwenda njia tofauti: tumbili wake ni mnyama mtupu, lakini anayoyaiba kwanza, kabla ya mahindi, ni mambo ya mtu, yaani mwendo, mtupo na sauti. Hapo ndipo ngano inapotisha. Mama hakudanganywa na tumbili. Alidanganywa na sauti ya mwanawe mwenyewe, na fimbo ilimwangukia mwenye sauti.

Pengine kuna wasomaji watakaoona kwamba tunamzidishia mnyama uzito. Wengine watakuwa na sababu nzito zaidi ya kumwepuka: neno 'nyani' limetumiwa kama tusi dhidi yetu, na fasihi ya ukoloni haikuwa na haya. Mwaka 1894 Rudyard Kipling aliwaumba Bandar-log wake, kabila la nyani lisilo na sheria wala kumbukumbu, na si vigumu kubuni ni watu gani waliokuwa wakikusudiwa na baadhi ya waliomsoma. Naielewa tahadhari hiyo. Lakini kuikimbia picha kwa sababu mgeni aliichafua ni kumwachia mgeni picha yenyewe. Wakulima wetu walikuwa wakimsimulia tumbili kwa makini kabla ya hapo, na katika masimulizi yao tumbili ana kumbukumbu nzuri kupita kiasi.

Methali na misemo nayo ingestahili makala yake. Nitagusa mmoja tu, ule wa kesi ya ngedere na hakimu nyani, ambao katika Kenya husikika kila tume ya uchunguzi inapoundwa. Msemo huo hauna ayari ndani yake. Hauna mnyonge anayeshinda. Una jamaa wawili wanaofanana, mmoja kizimbani na mwingine kitini, na anayekosekana ni yule aliyeleta mashtaka: mwenye shamba. Wanaoutumia msemo huu sokoni Rongo au Oyugis hawahitaji ufafanuzi kwamba mlalamikaji ndiye atakayerudi nyumbani mikono mitupu. Uelewa huo wa mtaani uko mbele ya uelewa wa darasani, ambako bado tunawaandikia wanafunzi kwamba jamii ya kima 'huwakilisha werevu'.

Ninachopendekeza si kumtoa tumbili katika fungu moja na kumfungia katika jingine. Kima wa mkuyu ni mwerevu, na werevu wake ni wa haki. Tumbili wa shamba ni mwerevu vivyo hivyo, na werevu wake unamwacha mtoto na alama za fimbo. Tofauti haimo ndani ya mnyama. Imo katika swali la nani alilima na nani aliachwa alinde, na swali hilo mtambaji hulijibu kwa vitu vidogo ambavyo wakusanyaji huviruka: umri wa mlinzi, aina ya zao, upande wa kijito. Miswada tuliyo nayo idarani, ikiwamo niliyoisimamia mimi, imejaa mihtasari ya visa isiyo na vitu hivyo.

Yule mwanafunzi amekwisha kuwasilisha tasnifu yake. Ngano ile hakuiweka katika sura ya wahusika ayari. Ameiweka katika sura ya ngano za walinzi, pamoja na nyingine za watoto wanaochunga na wanaoamia, ambazo hakuna orodha yetu iliyokuwa na mahali pa kuzitia. Alipokuwa akiiandaa aliniomba rekodi ya jioni ile, nami nikampa. Dakika ya mwisho, baada ya tumbili kujikuna na watu kuguna, inasikika sauti ya mtoto wa kiume miongoni mwa wasikilizaji akiuliza yule msichana alikula nini usiku ule. Dani anaanza kujibu. Jibu halimo, kwa kuwa nilidhani ngano imekwisha, nikakizima kinasasauti.